Kazi ya at haijafanya kitu? Angalia kwanza imekufia wapi

Kuna siku nilijifungia nje ya seva yangu mwenyewe. Nilikuwa nabadilisha sheria za fayawoli kwa ssh (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali), na ili nisije nikaumbuka nikatega kinga kwanza, kazi moja ya at (programu ya Linux ya kupanga komandi zijitekeleze baadaye, muda utakaoutaja) kwamba baada ya dakika 10 irudishe sheria za zamani, yaani nikikosea mlango utajifungua wenyewe. Nikakosea kweli. ssh ikakata, nikakaa nasubiri, dakika 10, 15, 40, kimya. Nilipokuja kuingia kwa konsoli ndo nikakuta kazi ipo kwenye foleni imetulia zake, ila atd, programu inayotekeleza kazi za at, haikuwa imewashwa, na at ilishaniambia hivyo tangu mwanzo kwenye mstari mmoja ambao sikuusoma kwa sababu nilikuwa na haraka. Kichekesho chenyewe kikaja baadaye: nikarekebisha fayawoli kwa mkono, nikawasha atd, nayo ikaona kuna kazi imepitwa na muda ikaitekeleza hapo hapo, sheria zangu mpya zikafutika mbele ya macho yangu.

Kwa hiyo kabla hujaanza kuilaumu at, elewa kwamba hapa kuna wawili. Kuna `at`, ambaye kazi yake ni kuandika tu: anachukua komandi zako, anazifungasha kwenye faili, anaiweka faili kwenye folda, basi ameondoka. Alafu kuna `atd`, ambaye anakaa nyuma muda wote, anaangalia ile folda, muda ukifika anaitoa faili na kuitekeleza. Karibu matatizo yote yanategemea kazi yako imekwama kwa nani kati ya hawa, na swali la kwanza linajibiwa na komandi moja:

    atq

Inakupa namba ya kazi, tarehe na saa, herufi ya foleni, na yuza. Kama kazi haipo na muda bado haujafika, haikuingia kabisa. Kama ipo na muda umeshapita, imekwama kwa atd. Kama haipo na muda umepita, imeshatekelezwa, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea kwa sababu wanadhani haijatekelezwa. Ukiona herufi ya foleni ni alama ya `=` maana yake inatekelezwa saivi hivi unavyoangalia. Ukiwa root unaziona kazi za watu wote, ukiwa yuza wa kawaida unaona zako tu, kwa hiyo kama uliipanga kwa sudo usiitafute bila sudo.

Haikuingia kabisa

Hizi ni rahisi, nitapita haraka.

Ukiambiwa `at: command not found`, haipo tu, distro nyingi saivi hazileti at zenyewe. Instoli paketi inayoitwa `at` (kwa apt, dnf au pacman, jina ni hilo hilo) alafu uiwashe, maana kwenye baadhi ya distro kuinstoli sio kuiwasha:

    sudo systemctl enable --now atd

Ukiambiwa `You do not have permission to use at.` kaangalie `/etc/at.allow` na `/etc/at.deny`. Ikiwepo at.allow, ni waliotajwa humo tu wanaoruhusiwa na at.deny haisomwi hata kidogo. Isipokuwepo, inasomwa at.deny na waliomo ndo wanakataliwa. Zisipokuwepo zote mbili anabaki root peke yake, na hii ndo inachanganya, kwa sababu mtu anafuta at.deny akidhani amefungulia watu kumbe amewafungia wote. Ukitaka kila mtu aruhusiwe, acha at.deny iwepo ikiwa tupu.

`Garbled time` maana yake at haijaelewa ulichoandika. Haielewi sekunde, kwa hiyo `now + 90 seconds` inakataliwa. Haielewi lugha nyingine pia, `tomorrow` sawa, `kesho` hapana, hata kama mfumo mzima umeuweka kwa lugha nyingine. Na mpangilio una maana: saa kwanza, tarehe baadaye.

    at 09:00 tomorrow        # sawa
    at tomorrow 09:00        # hapana

Na kama unaandika kwa mkono moja kwa moja ndani ya at, unamaliza kwa Ctrl+D kwenye mstari mtupu. Ukizoea kutoka kwenye kila kitu kwa Ctrl+C, kazi imefutika na hakuna kitu kilichohifadhiwa. Nimeona mtu anapiga Ctrl+C kila siku alafu anashangaa foleni yake iko tupu.

Imeingia, muda umepita, bado ipo kwenye foleni

Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni atd. Ukiweka kazi wakati atd imezimwa unapata kitu kama hiki:

    job 23 at Thu Nov  5 09:00:00 2026
    Can't open /run/atd.pid to signal atd. No atd running?

Mstari wa kwanza unakupa moyo, wa pili unakwambia ukweli. Kazi imeandikwa ndiyo, lakini hakuna wa kuitekeleza. Angalia kwa `systemctl status atd`, na kama ni kuiwasha, ewe ndugu, piga `atq` KWANZA. Kazi zote zilizopitwa na muda zitaanza mara tu atd ikiamka, na kama humo kuna `reboot` ya wiki iliyopita utaipata leo. Zile usizozitaka zifute kwa `atrm 23`, kisha ndo uwashe.

Ukiwa ndani ya kontena, sahau. Kontena nyingi zinaendesha programu moja tu, hakuna systemd (msimamizi wa huduma za mfumo) humo, kwa hiyo unaweza kuinstoli at vizuri na isifanye kitu mpaka uanzishe atd mwenyewe, na kusema ukweli ukifika hapo bora upange kazi kwenye mashine iliyobeba kontena. WSL (Linux ndani ya Windows) nayo ina kisa kama hicho hicho: bila systemd kuwashwa kwenye `/etc/wsl.conf`, atd haiamki yenyewe.

Kama atd iko hai na kazi bado imekaa, soma tena ile tarehe kwenye atq, polepole. Mara nyingi muda uliodhani umefika haujafika. Mfano unaoniudhi kuliko yote ni huu:

    at 09:00 05/11/2026

We umeandika tarehe 5 mwezi wa 11. at imesoma mwezi wa 5 tarehe 11, kwa sababu ukitumia mikwaju inaanza na mwezi. Ikiwa Mei imeshapita una bahati, itakukatalia kwa `refusing to create job destined in the past`. Ikiwa haijapita, kazi itaingia bila neno na italia miezi sita kabla ya wakati, na hakuna atakayekwambia. Ukiandika na nukta inasoma siku kwanza, `05.11.2026`, na ukiandika `2026-11-05` hakuna mjadala. Mi natumia hii ya mwisho tu, au `-t` nikiwa ndani ya skripti: `at -t 202611050900`.

Saa nazo. at haijui saa mbili usiku, kwake ni 20:00, hilo unalijua, lakini kichwa kikichoka unaandika 2:00 na kazi inalia usiku wa manane. Ukiandika saa ambayo leo imeshapita, inaihamishia kesho kimya kimya. Na seva nyingi zimewekwa UTC, kwa hiyo 20:00 yako na 20:00 yake sio moja. `timedatectl` itakuonyesha seva inaishi saa za wapi. Kuna mtego mdogo juu ya hapo: at inafuata pia variabo ya `TZ` kama umeiweka kwenye sheli yako, kwa hiyo watu wawili kwenye seva moja wanaweza kuandika saa ile ile na kazi zikalia nyakati tofauti. Dawa ni ile ile: ukishaweka kazi, soma mstari wa `job 23 at ...` unaorudishwa. at inakurudia ilichoelewa, sio ulichokusudia.

Ah, na `now + 1 minute` sio sekunde 60. Sekunde zinakatwa. Ukiiweka 10:00:50 italia 10:01:00, yaani baada ya sekunde kumi. Kwa majaribio haina shida, kwa kitu kinachohitaji nafasi ya kupumua weka dakika 2 au zaidi.

Kama herufi ya foleni ni `b`, kazi iliwekwa kwa `batch` sio `at`, na batch inasubiri mashine itulie: wastani wa mzigo ushuke chini ya 1.5 kwenye mifumo mingi, mingine 0.8. Kwenye mashine yenye kori 8 au 16 wastani wa 3 ni mashine iliyolala kabisa, ila batch inaona ni kazi nzito inaendelea kusubiri, siku nzima kama itabidi. Linganisha na namba za `uptime`. Kiwango kinapandishwa kwa `-l` kwenye atd yenyewe, kwenye Debian na ndugu zake unafanya `sudo systemctl edit atd` unaweka:

    [Service]
    ExecStart=
    ExecStart=/usr/sbin/atd -f -l 6

Ule mstari mtupu wa ExecStart sio makosa ya kuandika, uache, ndo unaofuta ule wa zamani. Kwa familia ya Red Hat ni `/etc/sysconfig/atd`, mstari wa OPTS. Herufi kubwa za foleni, A mpaka Z, nazo zina tabia ya batch muda ukifika, kwa hiyo kama mtu alitumia `-q B` bila kujua, ndo hapo.

Laptopu: ikiwa imesinzia muda ulipofika, kazi haifanyiki. Ikiamka itafanyika, ila sio lazima papo hapo, atd inaweza kukawia kugundua kwamba muda umeruka. `sudo systemctl restart atd` inailazimisha iangalie folda upya.

Na mwisho kwenye kundi hili, akaunti iliyoisha muda. atd inapita kwenye PAM (sehemu ya mfumo inayokagua akaunti) kabla ya kutekeleza, akaunti ikiwa imekwisha kazi inakataliwa. Hii huioni kwenye atq, unaiona kwa:

    journalctl -u atd --since today

Imetoka kwenye foleni, ila hakuna kilichofanyika

Haya, sasa ndo tumefika penyewe. Kama umekuja hapa na kazi haipo kwenye atq na unadhani at imeitupa, kaa chini: imetekelezwa. Kwenye journalctl utakuta mstari wa `session opened` kwa jina lako saa ile ile. Imetekelezwa, imefeli, na ikalia kilio ambacho hukukisikia.

Kwa nini hukusikia? Kwa sababu at haina skrini. Chochote ambacho komandi yako ingeandika kwenye terminali, kiwe jibu au kosa, at inakituma kwa imeili kwa yuza mwenye kazi, imeili ya ndani ya mashine. Mashine nyingi siku hizi hazina programu ya kutuma imeili kabisa, kwa hiyo barua inaandikwa na kutupwa. Watu wanaandika `echo habari | ...` wanasubiri neno litokee kwenye terminali. Halitotokea. Kwa hiyo kabla ya uchunguzi mwingine wowote, rudia kazi yako ikiwa na logi:

    at now + 2 minutes <<'MWISHO'
    exec >/tmp/kazi.log 2>&1
    set -x
    date; id; pwd; echo "$PATH"
    /home/asha/bin/bakapu.sh
    MWISHO

Mstari wa `exec` unaelekeza kila kitu kinachofuata kwenda kwenye faili, `set -x` inaandika kila komandi kabla ya kuitekeleza. Mara tisa kati ya kumi (hesabu ya kwangu tu hiyo, ya kichwani) jibu linakuwa limeandikwa ndani ya hiyo logi na huna haja ya kusoma zaidi ya hapa.

Kama kazi bado haijalia, kuna kitu bora zaidi: unaweza kuifungua uone kilichofungashwa.

    at -c 23

Watu hawaitumii hii na ndo dawa yenyewe. Inatoka ndefu, usiogope. Juu kuna `#!/bin/sh`, chini yake namba zako za uid na gid, kisha `umask`, kisha mistari mingi ya namna ya `HOME=/home/asha; export HOME`, kisha hii hapa:

    cd /home/asha/mradi || {
        echo 'Execution directory inaccessible' >&2
        exit 1
    }

na mwisho kabisa ndo komandi zako. Soma kuanzia juu mpaka chini, karibu kila kosa la kundi hili linaonekana humo.

Mfano hiyo `cd`. at inakumbuka ulikuwa umesimama kwenye folda gani wakati unapanga kazi, na inarudi hapo hapo kabla ya kufanya lolote. Ukiwa ulisimama kwenye folda ya muda ambayo imeshafutwa, au kwenye flashi ambayo imeshachomolewa, kazi inakufa pale pale kabla hata ya komandi yako ya kwanza, hata kama komandi zako zote zina njia kamili. Panga kazi ukiwa nyumbani, `cd ~` kwanza, umemaliza.

Ile mistari ya export nayo. Walioanzia kwenye cron (mpangaji wa kazi zinazojirudia) wanadhani at inakuja na PATH (orodha ya folda ambamo sheli inatafuta komandi) fupi ya kimaskini. Hapana, at inabeba variabo zako zote za mazingira kama zilivyokuwa wakati ule, isipokuwa chache kama TERM na DISPLAY. Uzuri wake na ubaya wake ni kwamba inabeba mazingira ya PALE ulipokuwa. Kwenye Debian ukiingia root kwa `su` bila kistari, PATH haina `/usr/sbin`, kwa hiyo `iptables-restore` haitaonekana, na kazi itakuwa imebeba hiyo PATH mbovu mpaka mwisho. Tumia `su -`. Kuhusu alias na funksheni ulizojiandikia ndani ya `.bashrc`, hizo hazibebwi kabisa, sheli ya at haizijui.

Na sheli yenyewe. Ule ujumbe wa `warning: commands will be executed using /bin/sh` ambao kila mtu ameshazoea kuupuuza unamaanisha hasa unachosema. Kwenye Debian na Ubuntu, sh ni dash, sio bash. `[[ ]]`, `source`, orodha za namna ya `a=(1 2 3)`, zote zinagoma. Ukitaka bash, iite:

    echo 'bash /home/asha/bin/bakapu.sh' | at 23:30

Hapo hapo kuna mtego wa `-f` ambao umeshanipotezea jioni nzima. Mtu anaandika `at -f ripoti.py 06:00` akiamini kwamba mstari wa kwanza wa faili, ule wa `#!/usr/bin/env python3`, utaheshimiwa. Hauheshimiwi. `-f` haitekelezi faili, inanakili maandishi ya ndani ya faili na kuyabandika chini ya ile mistari ya export, kwa hiyo Python yako inasomwa na sh kana kwamba ni komandi za sheli, na unachopata ni `import: not found` kwenye imeili ambayo haikufika. Pia kwa sababu ni nakala, ukiihariri faili baada ya kupanga, kazi itaendelea na maandishi ya zamani. Ukipanga kwa kuita njia ya skripti kama nilivyofanya hapo juu na bash, inasomwa muda wa kutekeleza, kwa hiyo mabadiliko yanaingia. Kipi bora inategemea unataka nini, ila jua unachagua kipi.

Alama za kunukuu. Angalia hizi mbili:

    echo "echo $(date) >> /tmp/saa" | at now + 5 minutes
    echo 'echo $(date) >> /tmp/saa' | at now + 5 minutes

Ya kwanza itaandika saa ya sasa hivi, kwa sababu sheli yako imeshaijaza tarehe kabla at haijapokea kitu. Ya pili itaandika saa ya baada ya dakika tano. Kwa date ni mchezo tu, ila weka `$!` au `$(cat /run/kitu.pid)` mahali pale alafu ujaribu kuua programu kesho yake, unaua namba ambayo inaweza ikawa imeshapewa programu nyingine. Ndo maana kwenye mfano wa logi nimeandika `<<'MWISHO'` na alama za kunukuu. Ukiziondoa, `$PATH` inajazwa mapema.

sudo ndani ya kazi: `sudo: a terminal is required to read the password`. Hakuna mtu wa kuandika pasiwedi saa tisa usiku. Sio komandi ndo iwe na sudo, ni at:

    echo 'systemctl restart nginx' | sudo at 03:00

Na usikosee ukaandika `sudo echo ... | at`, hapo umempa echo uwezo wa root na at umeiacha na uwezo wako wa kawaida.

Kuna moja imefichika kidogo na inakera kwa sababu nusu ya kazi inafanyika na nusu haifanyiki. atd inaipa sheli faili ya kazi kupitia mlango wa kuingizia, ule ule ambao programu zinasomea kibodi. Sasa ukiweka ndani ya kazi programu inayopenda kusoma kutoka hapo, ssh au ffmpeg kwa mfano, inaweza ikameza mistari ya kazi iliyobaki kana kwamba ni maandishi yaliyoandikwa na mtu. Dalili: mistari mpaka kwenye ssh imefanyika, baada yake hamna kitu, na hakuna kosa lolote lililoandikwa. Wakati mwingine inatokea, wakati mwingine haitokei, inategemea sheli inasoma vipande vya ukubwa gani. Funga mlango:

    ssh -n seva2 'uptime' 
    ffmpeg -nostdin -i a.mkv a.mp4
    programu_nyingine < /dev/null

Tukiwa kwenye ssh, kama ufunguo wako una pasiwedi na unategemea ssh-agent (programu inayokushikia ufunguo ukiwa umelogini), at itakuwa imebeba anwani ya agent ya wakati ule, na ukishalogauti agent hayupo. Tumia ufunguo maalumu kwa kazi za namna hiyo.

Programu za madirisha nazo zinagoma kwa sababu DISPLAY haibebwi. Anza kazi na `export DISPLAY=:0` (au namba yako, `echo $DISPLAY` ikwambie) na uwe bado umelogini muda huo ukifika.

Faili yenyewe

Kwa anayetaka kuchungulia mpaka mwisho, kazi zinakaa `/var/spool/cron/atjobs` kwa Debian na `/var/spool/at` kwa Red Hat, na unahitaji root. Majina yake yanaonekana kama takataka lakini yana maana: `a0001701b968a0` ni foleni a, kisha tarakimu tano za namba ya kazi kwa heksadesimali, 00017 yaani 23, kisha tarakimu nane ambazo ni dakika tangu mwanzo wa 1970, hapa 01b968a0 yaani 28928160, ambayo ni saa sita usiku ya kuamkia tarehe 1 Januari 2025 kwa UTC. Kwa hiyo hata kama atq imegoma, jina la faili peke yake linakwambia itatekelezwa lini. Kuzihariri kwa mkono sikushauri, futa upange upya. Na kama diski imejaa, au folda hiyo imebadilishwa mwenye na mtu aliyepiga `chown -R` kwa hasira, at haitaweza kuandika. `df -h /var` na `ls -ld` zinatosha kujua.

Ukichoka nayo

Kwenye mashine zenye systemd kuna njia ya pili ambayo haihitaji at kabisa:

    sudo systemd-run --on-active=10m /usr/local/bin/rudisha.sh

Matokeo yanaingia kwenye journal yenyewe, hakuna imeili ya kupotea, na `systemctl list-timers` inakuonyesha zinazosubiri. Lakini nayo ina mambo yake: mashine ikizimwa na kuwashwa timer ya namna hii inapotea, wakati kazi ya at inabaki kwenye diski. Haibebi mazingira yako, inaanza karibu tupu. Inaweza kuchelewa mpaka dakika moja usipoongeza `--timer-property=AccuracySec=1s`. Na ukitumia `--user`, ukilogauti inaondoka na wewe mpaka uwe umepiga `loginctl enable-linger`. Kwa kitu cha nusu saa ijayo naitumia hii, kwa kitu cha wiki ijayo narudi kwa at.

Na ile ya fayawoli, saivi naifanya hivi. Napanga kwanza kazi ya uongo, `echo 'date > /root/ipo-hai' | at now + 1 minute`, nasubiri faili itokee. Ikitokea ndo napanga ile ya kweli:

    cd /root
    iptables-save > /root/fw.zamani
    echo 'iptables-restore < /root/fw.zamani' | at now + 10 minutes
    atq

Alafu ndo nagusa sheria. Mambo yakienda sawa nafungua ssh ya pili kwenye dirisha jingine kuhakikisha naingia, kisha `atrm` na namba yake. Hiyo ya atrm niliisahau mara moja tu.